Nimekisoma Kitabu: Ninavyosahihisha Insha za Kiingereza

Wanafunzi wanaoniletea insha hapa Milimani, Nakuru, hutoka Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, na wengine Kabarak. Wamefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na hoja zao ni nzito. Sarufi ndiyo inayowaangusha.

Siisahihishi insha nzima. Karatasi iliyojaa wino mwekundu humvunja mtu moyo bila kumfundisha. Naisoma mara moja, natafuta kosa linalojirudia kuliko yote, na siku hiyo tunashughulika na hilo tu. Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alionyesha kwamba makosa ya mwanafunzi yana utaratibu: kuna kanuni anayoifuata. Basi nauliza kwanza kanuni hiyo ameitoa wapi.

Kosa linaloongoza ni la "a" na "the". Vitabu vya sarufi hulipangia kanuni kurasa kwa kurasa. Mimi huanzia kwenye Kiswahili. Namwambia mwanafunzi alinganishe "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Tofauti huisikia papo hapo: katika ile ya pili, mimi na yeye tunajua ni kitabu kipi. Hapo ndipo mahali pa "the". Katika ile ya kwanza kitabu kimetajwa tu, hivyo inafaa "a". Kisha achague aya moja, apigie mstari kila nomino, na ajiulize: msomaji wangu anakijua tayari kitu hiki? Wengi hushangaa kugundua kwamba maarifa hayo walikuwa nayo tangu utotoni. Majina ya mahali yana desturi zake: "the Rift Valley", lakini "Lake Nakuru" bila "the". Hayo ni ya kukariri.

Kuchanganya "he" na "she" kunaniuma zaidi, kwa sababu wanafunzi hao huchekwa na wenzao. Kiswahili, Kikuyu na Kikalenjin havitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi, kwa hiyo kosa hili si dalili ya uzembe hata kidogo. Dawa yake ni kuipitia insha ukitafuta viwakilishi hivyo peke yake, kila kimoja ukikivutia mshale hadi kwa mwenyewe.

"Equipments", "furnitures" na "discuss about" zimezoeleka sana Kenya. Kwenye mazungumzo naziacha. Kwenye tasnifu naziondoa.

Rasimu ya pili mwanafunzi aiandike mwenyewe kwa mkono. Programu ya kusahihisha iliyo kwenye simu yake aifungue baada ya hapo, asitangulie nayo.