Kuzilinda Seli Beta za Kongosho Kabla Hazijaisha

Mwaka 1869 Paul Langerhans alieleza makundi madogo ya seli yaliyotawanyika ndani ya kongosho, ambayo leo huitwa visiwa vya Langerhans. Humo hukaa seli beta, ambazo ndizo hutengeneza insulini. Kisukari, kwa aina zake zote kuu, hutokana na seli hizi kushindwa kutosheleza mahitaji ya mwili.

Katika aina ya kwanza, mfumo wa kinga huzishambulia na kuziua. Katika aina ya pili, mwili huwa mgumu kuitikia insulini, nazo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi. Sukari na mafuta yanapozidi katika damu, seli hizo huchoka, uwezo wake wa kutoa insulini hupungua, na hatimaye baadhi hufa. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulionyesha kwamba wakati ugonjwa unapogunduliwa, takriban nusu ya uwezo huo huwa imekwisha kupotea.

Hata hivyo, seli iliyochoka si sawa na seli iliyokufa. Ikipunguziwa mzigo mapema, huweza kurudia kazi yake. Katika utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa wapya wa aina ya pili walitibiwa kwa muda mfupi hadi sukari ikashuka. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya waliopewa insulini walikuwa na sukari nzuri bila dawa yoyote, ilhali kwa waliopewa vidonge ilikuwa takriban robo. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, asilimia 46 ya washiriki waliopunguza uzito kwa lishe maalumu walipata nafuu ya namna hiyo.

Kwa hiyo, dhana kwamba insulini ni dawa ya mwisho, au dalili kuwa mgonjwa amekata kamba, haina msingi. Ikitolewa mapema, huzipumzisha seli.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza huweza kuhitaji insulini kidogo sana miezi michache baada ya kuanza matibabu. Nafuu hiyo ni ya muda tu. Mzazi asiikatize dawa, kwani kufanya hivyo huweza kusababisha kifo. Apunguze dozi kwa ushauri wa daktari pekee.