SOMO LA VYAMA: Kabla Chama Hakijanunua Boti

Maji ya Mto Mathioya huingia Mto Tana na kumwagika Bahari Hindi karibu na Kipini. Pesa za chama cha Kangema nazo zinaweza kufuata njia hiyo, zikawekezwa kwenye boti ndogo ya uvuvi yenye mashine ya nyuma. Ni biashara halali, lakini boti si ploti. Ploti ukiiacha miaka miwili utaikuta ilipo. Mashine iliyotoka baharini ikiachwa wiki mbili bila kuoshwa huanza kuliwa na chumvi. Somo hili lisomwe na wanachama wote kabla ya mtu yeyote kutuma pesa.

1. Msimu

Bonasi ya majani chai hulipwa karibu na Oktoba, na hapo ndipo vyama vingi hununua vitu. Kwa boti, wakati huo si mbaya. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, na bahari huwa tulivu zaidi. Kuanzia Aprili hadi karibu Septemba huvuma kusi. Mawimbi huwa makubwa na boti ndogo hukosa siku nyingi za kazi. Kwa hivyo msizidishe mapato ya Januari kwa miezi kumi na miwili. Pigeni hesabu ya mwaka mkianza na miezi ya kusi.

2. Watu na karatasi

Mwenye boti aliye bara humtegemea nahodha. Kwa desturi ya Pwani, gharama za safari kama mafuta na barafu hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya wavuvi na chombo. Mkubaliane mafungu hayo kwa maandishi.

Kila bandari ya wavuvi ina Kamati ya Usimamizi wa Ufuo, inayojulikana zaidi kama BMU. Anzieni hapo. Ofisi ya kamati itawaambia wavuvi waaminifu ni akina nani, na leseni za uvuvi hupatikana vipi. Usalama wa chombo chenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA.

3. Mashine

Mambo matano huamua kama mashine itadumu:

• Maji matamu. Baada ya kila safari, mashine iendeshwe kwa dakika 10 hivi ikiwa imezama kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikikauka ndani huziba njia za maji ya kupoza, na mashine hupata moto kupita kiasi.

• Mkojo wa mashine. Mashine ikiwaka, maji yatoke kwa nguvu kwenye tundu lake dogo. Yasipotoka, izimwe mara moja, kisha fundi akague pampu ya maji. Mashine isiwashwe ikiwa nchi kavu, hata kwa kujaribu. Kipira cha pampu hiyo huharibika upesi kikikosa maji.

• Mchanganyiko. Mashine nyingi za mipigo miwili, zikishazoea kazi, hutumia oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 50. Tangi la lita 25 linataka oili nusu lita. Nahodha akipunja oili, pistoni husagika. Akizidisha, plagi huchafuka. Kijitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Mashine ya mipigo minne haichanganyiwi. Ina oili yake, kama gari.

• Oili ya giabox. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Badilisheni sili kabla gia hazijakwisha.

• Zinki. Kipande hiki hufungwa kwenye mguu wa mashine ili chumvi ikile chenyewe badala ya kula mguu. Kikifika nusu, kibadilishwe. Kisipakwe rangi, kwa sababu kikipakwa hakifanyi kazi.

Gharama hizi ni ndogo zikilinganishwa na mashine mpya. Tengeni fungu la matengenezo kila safari, kabla ya kugawana faida.

4. Uhai

Mwaka wa 2004, kanuni za aliyekuwa Mbunge wetu na Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, ziliweka mikanda ya usalama kwenye matatu. Wengi walilalamika, kisha wakazoea. Boti nayo ina mkanda wake: jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo, likiwa limevaliwa, si kukaliwa. Nahodha ajifunge kamba ya kuzimia mashine, ili akianguka mashine izimike.

Mafuta yagawanywe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Wawe na makasia, nanga, plagi ya ziada, tochi na simu iliyofungwa isiingie maji. Mashine ikizimika kwenye mkondo hakuna mahali pa kuegesha, na wanaobaki humo ni watoto wa wenyewe. Mwenye boti aliye Kangema ana wajibu kwao hata kama hajawahi kuiona bahari.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Mapato yakikatika kuanzia Aprili, tutalipaje mkopo?
2. Tangi la lita 20 linahitaji oili kiasi gani? (Jibu: mililita 400.)
3. Ni mwanachama gani atakayekwenda Pwani kukagua mashine, na mara ngapi kwa mwaka?

Kama swali la tatu halina jibu, subirini kwanza.