Bustani ya Mungu Wakati wa Mvua

Wengi wetu hungoja jua ndipo tuwatembeze watoto. Kitulo sivyo. Uwanda ule wa Makete, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Basi tuwavike watoto makoti (baridi ya huko si mchezo!) tupande kwa njia ya Chimala na Matamba.

Tuwaonyeshe okidi, aina zipatazo 45. Chini ya nyingi kati yake mna viazi vidogo. Watu wamevichimba kwa wingi, vikauzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Hiyo ni sababu mojawapo Kitulo ikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Swali la kujadili nyumbani: mtoto akiomba ang'oe moja tu, tumjibuje?