SOMO: UMRI WA GLOBU NA NGUVU YA WANUNUZI

Katika mji wa Livermore, jimbo la California nchini Marekani, ipo globu ya umeme iliyoanza kuwaka mwaka 1901 na ingali inawaka katika kituo cha zimamoto. Ilitengenezwa na kampuni ya Shelby ya jimbo la Ohio, na uzi wake wa ndani ni wa kaboni. Haizimwi usiku wala mchana. Imepata kuzimika kwa muda mfupi tu, kama mwaka 1976 ilipohamishiwa kituo kingine.

Kwa nini, basi, globu za uzi zilizouzwa madukani zilikuwa zikiungua baada ya saa 1000 hivi? Sababu ni mbili, na mwanachama hana budi kuzijua zote.

Sababu ya kwanza ni ya ufundi. Uzi ukipata moto mkali hutoa mwanga mwingi, lakini huisha upesi. Ukipata moto kidogo hudumu, lakini mwanga wake hufifia. Globu ya Livermore hutumia wati 4 hivi tu, na mwanga wake haumtoshi katibu kusoma daftari la hesabu. Kudumu peke yake si kipimo cha ubora.

Sababu ya pili ni mapatano ya wauzaji. Mwezi wa Desemba 1924 viwanda vikubwa, vikiwemo Osram cha Ujerumani na Philips cha Uholanzi, viliunda mjini Geneva umoja ulioitwa Phoebus. Viligawana masoko, vikaafikiana kwamba globu ya kawaida idumu saa 1000, ingawa nyingi zilikuwa zikidumu saa 1500 hadi 2000. Kiwanda ambacho globu zake zilizidi kiwango kilitozwa faini. Wenye viwanda walidai kwamba saa 1000 zilileta mwanga bora bila kupoteza umeme. Dai hilo lina ukweli wake. Lakini katika kikao hicho mnunuzi hakuwa na mwakilishi.

Wanaushirika wa Uswidi hawakuishia kulalamika. Chama chao kikuu, Kooperativa Förbundet, kilijenga mjini Stockholm kiwanda cha globu kilichoitwa Luma, kilichoanza kazi mwaka 1931. Vyama vya ushirika vya nchi jirani vilijiunga katika shughuli hiyo. Bei ya globu nchini Uswidi ikashuka. Umoja wa wauzaji ulijibiwa kwa umoja wa wanunuzi.

Fundisho hili lafaa hata leo. Globu ya uzi ya wati 60 ikiwaka saa 1000 hula uniti 60 za umeme. Globu ya LED ya wati 9 hivi, yenye mwanga unaokaribiana nao, hula uniti 9. Katibu anayelinganisha bei ya dukani pekee hajamaliza hesabu: na aulize pia kifaa kitadumu muda gani, kitakula umeme kiasi gani, na ni nani aliyepanga bei.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama:

1. Ghala la chama lina globu ngapi, na kila moja huwaka saa ngapi kwa mwezi?
2. Ni bidhaa zipi ambazo vyama jirani vingeweza kuagiza kwa pamoja ili kupata bei nafuu?
3. Je, halmashauri hupima gharama za matumizi kabla ya kuidhinisha ununuzi?