Dondoo muhimu: Raspberry Pi 4 imegoma kuwaka baada ya kusasisha kerneli

Usikimbilie kufuta kadi ya SD. Tazama kwanza taa ya kijani: ikiwaka na kuzima mara 7, ikatulia, kisha ikarudia, faili la kerneli halionekani. Chomeka kadi kwenye kompyuta nyingine. Sehemu ya kuwashia ni FAT32, hata Windows huisoma. Je, kernel8.img ipo, au ina baiti 0? Kama haipo au ni tupu, huenda umeme ulikatika katikati ya usasishaji, au nafasi ilijaa. (Tangu toleo la Bookworm la mfumo wa Raspberry Pi la 2023, sehemu hiyo ya kuwashia hukaa /boot/firmware, kwa hiyo miongozo mingi ya zamani itakupoteza.) Siku nyingine, kabla ya kusasisha, nakili kerneli nzima kwa jina kernel8-zamani.img. Mambo yakiharibika, andika kernel=kernel8-zamani.img ndani ya config.txt, mradi moduli zake bado zipo /lib/modules.