NGAZI YA SHAMBANI: ISIMAMISHE VIZURI KABLA YA KUPANDA

Kila msimu una kazi yake ya ngazi. Hapa Katito, kama katika mashamba ya skimu, huyu huezeka ghala, yule hupigilia bati, mwingine huchuma maembe. Aangukaye hata kutoka mita 3 aweza kuvunjika mgongo. Naye mwenye shamba akilala msimu mzima, ni nani atakayepalilia?

1. Ichunguze. Ngazi nyingi ni za mkaratusi, na vipago vyake vimepigiliwa misumari tu. Mti ukikauka, msumari hulegea. Chonga pengo ili kipago kikae, kisha kikaze kwa waya. Usiipake ngazi rangi, maana rangi huficha ufa.

2. Iegemeze nne kwa moja. Ikigusa ukuta kwenye kimo cha mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Ikiwa wima mno itakuangusha kinyumenyume. Ikilala mno itateleza. Huna kipimo? Simama vidole vikigusa mguu wa ngazi, kisha nyosha mikono mbele. Viganja vikifika kwenye kipago bila kuinama, imekaa vema.

3. Izuie isiteleze. Udongo mweusi wa Kano ukilowa huteleza kama sabuni. Weka ubao mpana chini na uukaze kwa vigingi. Mtu mmoja aishike ngazi mpaka kichwa chake kifungwe kwa kamba. Kama utapanda paani, kichwa hicho kipite ukingo wa paa kwa mita 1.

4. Panda ukiitazama ngazi, mikono mitupu. Panga na ndoo zivutwe kwa kamba.

MTU AKIANGUKA

Hapa wengi hukosea kwa huruma: humwinua na kumketisha juu ya pikipiki. Mfupa wa mgongo uliovunjika ukipindwa, waweza kudhuru mishipa ya fahamu iliyo ndani, na miguu ikapooza maisha. Mwache alale. Mtu mmoja atulize kichwa na shingo yake. Mwingine aite gari. Mfunike blanketi, wala msimpe chakula wala maji. Ikiwa hapana budi kumhamisha, watu kadhaa wamwinue pamoja, mwili ukiwa umenyooka, wamlaze juu ya mlango au ubao.

Kumbuka pia kibarua wako. Kwa sheria ya mwaka 2007, mwajiri hutakiwa kumlipa fidia mfanyakazi aliyeumia kazini. Kamba na waya ni rahisi kuliko fidia, na mgongo wa mtu haununuliwi dukani.