Mwendo wa Ndege na Saa za Tikiti

Watu wengi wapatapo tikiti ya ndege hutazama saa ya kuondoka na saa ya kufika, wakadhani wamekwisha kujua urefu wa safari. Lakini yafaa kila msafiri ajue mambo matatu: namna ya kusoma saa hizo, umbali wa njia, na tofauti ya saa baina ya nchi na nchi.

Kwanza, kusoma saa. Saa za tikiti huhesabiwa tangu usiku wa manane mpaka 24, bali sisi huhesabu tangu macheo na machweo ya jua. Tuseme mzee mmoja wa Nairobi amesoma 08.00 katika tikiti ya Mombasa, akafika kiwanjani saa nane mchana. Ndege imekwisha kuondoka tangu saa mbili asubuhi, na huenda nauli yake imepotea. Kanuni ni hii: tangu 7 mpaka 18, toa 6, tangu 19 kwenda mbele, toa 18, na ikiwa chini ya 7, ongeza 6.

Pili, umbali. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa kwa barabara ni kiasi cha kilomita 480, na kwa njia ya anga ni kiasi cha 420, maana ndege haifuati kona za barabara. Ndege kubwa ya jeti ikiwa juu huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Je, mbona safari ya Mombasa huandikwa karibu saa nzima? Ni kwa sababu saa za tikiti huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali iliposimama mpaka isimame tena kule iendako. Ndani yake mna kutambaa uwanjani, kupanda polepole na kushuka polepole.

Nairobi mpaka London ni kiasi cha kilomita 6,840. Ukigawanya kwa 900 utapata zaidi kidogo ya saa saba na nusu. Lakini kwa sababu zile zile, pamoja na upepo na njia zilizowekwa, safari huchukua kiasi cha saa nane na nusu au tisa. Katika miaka ya 1930 ilikuwa kazi ya siku kadhaa.

Tatu, tofauti ya saa. Dunia huzunguka toka magharibi kwenda mashariki, hivyo jua hutufikia sisi kabla ya watu wa London. Wakati wa baridi huko Uingereza, saa za Kenya huwa mbele kwa saa tatu. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, huwa mbele kwa saa mbili.

Sasa tufanye hesabu. Mwezi wa Januari ndege yatoka Nairobi 09.00, yafika London 15.00. Mtu asiyejua atasema ni safari ya saa sita. Ongeza zile tatu, nazo ni tisa. Wakati wa kurudi, yatoka London 10.00, yafika Nairobi 21.30; hapo toa tatu.

Basi msomaji, jibu mwenyewe: safari ya kurudi ni ya saa ngapi, na ndugu zako waje kukupokea saa ngapi kwa hesabu yetu?

Jibu: Safari ni ya saa nane na nusu, nao waje saa tatu na nusu usiku.